Gitaa la Mdomoni

Eti sijawahi kushika gitaa. Ni kweli, Kaka Sixtus, sijawahi na sina mpango huo. Lakini kwani anayekula ugali lazima awe amelima ndipo ajue kwamba haujaiva? Mimi nimekwambia wimbo wenu mpya haujaiva, wewe ukanijibu mambo ya gitaa. Na Meneja wenu, ameegemea ile spika kubwa kama vile ameizaa yeye, akasema, "Mwache, huyo ni wa kurekodi kanda tu."

Hiyo "tu" nimerudi nayo Mshangano kutoka mjini kwa miguu, njia nzima naitafuna. Sasa nimekaa uani, mama anachambua maharage, jua bado lipo, naandika. Nitaandika kazi yote ya kurekodi kanda tangu siku ya kwanza, ili uisome wewe, na wadogo zetu wanaomaliza shule sasa hivi wajue kwamba kulikuwa na kazi kama hiyo. Nina haki ya kuandika kama wanavyoandika wastaafu, maana kesho ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Bosi anafunga kibanda, anarudi kwao Mbinga kwenye kahawa yake. Nimestaafu na chunusi bado zinanitoka. Mnicheke.

Na nina haraka. Keshokutwa alfajiri bendi yenu inapanda basi kwenda Dar es Salaam kurekodi redioni. Wimbo mmoja. Mmekaa miaka mnasubiri huo mwito, na ukipita bila mtu kuwakumbuka, sidhani kama kuna atakayepanda milima kuja kuwatafuta tena huku kwetu Songea.

Basi, siku ya kwanza. Nilikwenda nimevaa sketi yangu ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na hayakunipeleka kokote. Kibanda kilikuwa nyuma ya soko, cha mbao, rangi ya kijani, na nje spika moja imefungwa kwa waya kwenye nguzo. Ndani alikaa Bosi, Mzee Ndunguru, miwani imeungwa kwa plasta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiingereza unasoma?"

"Nasoma."

"Kaa hapo. Majina ya nyimbo nyingine yananishinda. Lakini usinionyeshe Kiingereza chako mbele ya wateja, wataniuliza mimi maana yake."

Ulikuwa wakati ule vitu vimeanza kuingia kwa wingi. Kanda tupu, ambazo zamani mtu alimbembeleza ndugu yake wa Dar amletee, sasa machinga walitembeza pamoja na mitumba na betri. Kila nyumba yenye redio ya kaseti ilitaka nyimbo zake yenyewe, isisubiri redio ya taifa iamue. Mtu anakuja na kanda tupu, anataja nyimbo anazotaka, sisi tunamrekodia.

Tulikuwa na deki mbili. Moja inasoma, nyingine inaandika. Kile kichuma kidogo kinachogusana na kanda kinaitwa hedi, na kila asubuhi nilikisugua kwa pamba yenye spiriti, maana vumbi la Songea likikaa pale, mwimbaji anaimba kama yuko ndani ya gunia. Kanda ikitafunwa na mashine, unaitoa taratibu kama mtu anayetoa mwiba, unaizungusha kwa kalamu mpaka inyooke. Ukimaliza kurekodi unavunja vile vijino viwili vya mgongoni, mtoto wa mteja asije akairekodia kelele zake. Hayo nilijifunza upesi. Mimi vitu vya mikono najifunza upesi, ni kusubiri ndiko kunanishinda. Kanda ya saa nzima inarekodiwa kwa saa nzima, hakuna njia ya mkato, na Bosi alikuwa akiniona ninavyotingisha mguu ananiambia, "Imelda, hata ukikimbia, upande B uko pale pale."

Kilichonishinda mwanzoni ni wateja. Alikuja baba mmoja wa Lusewa, mkulima wa tumbaku. Alishapita kununua mabati, akayalaza nje, akaingia.

"Nataka ule wimbo."

"Upi, baba?"

"Ule unaopigwa."

Nikaanza kumtajia majina ya bendi, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya darasani. Anatikisa kichwa tu. Bosi akanisogeza kwa kiwiko.

"Usimuulize jina. Jina halikai kichwani. Mwambie aimbe gitaa."

Yule baba akaangalia kulia na kushoto, akavua kofia akaiweka kifuani kama yuko kanisani, akaanza: "Tiri-tiri-ti, tiii. Tiri-tiri-ti, tiii." Na bega moja likawa linapanda. Bosi akanyoosha mkono kwenye rafu bila hata kutazama, akatoa kanda, akaiweka. Magitaa yalipoingia, baba wa Lusewa hakusema "ndio wenyewe". Alisema, "Ndiye huyu," kama mtu aliyekuta ndugu yake stendi.

Hilo tuliliita gitaa la mdomoni. Na ndilo lililokuwa mzani wetu pale kibandani, kaka, sikulitunga mimi leo ili nikuudhi. Watu wa Namtumbo, watu wa Peramiho, wamama wa sokoni, wote waliagiza hivyo. Mwingine anapiga besi kwa mashavu. Mwingine haimbi chochote, anakuonyesha tu ile ngoma inavyochelewa kidogo halafu inaanguka, paa, kwa kiganja juu ya meza yetu, na tunajua.

Halafu kulikuwa na wateja wa aina nyingine. Dada anakuja, amependeza.

"Naomba ule mzuri."

"Upi, dada?"

"Ule mzuri. Wa mapenzi. Ana sauti nzuri."

"Hebu uimbe kidogo."

Anafungua mdomo. Anafunga. Anacheka. "Aa, umenitoka. Lakini mzuri."

Hapo Bosi ananiangalia juu ya miwani. Tulikuwa na rafu nzima ya bendi za namna hiyo, tukiziita bendi za ule-mzuri. Hakuna kibaya ndani yake. Magitaa yamefungwa vizuri, sauti zimepangwa, hakuna anayekosea. Unasikiliza, unafurahi, unatoka mlangoni, umesahau.

Nilibishana naye. Nilikuwa nimetoka shule, nilidhani kizuri ni kisicho na kosa. Nikamwambia, "Bosi, tatizo ni lugha. Nyimbo za Kilingala watu hawaelewi, ndiyo maana wanashika gitaa badala ya maneno." Alisubiri mpaka alipokuja fundi mmoja wa mashine, mzungu, aliyekuwa akifanya kazi na watawa kule Hanga. Alishuka mjini kwa pikipiki kutafuta vipuri, na mkobani alikuwa na kanda zake za muziki wa roki, zimechoka, akataka tumtolee nakala kabla hazijakatika. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, kila kitu alikiita "hii kifaa".

Bosi akaziweka zote kwenye spika ya nje, bendi mbili za roki, siku nzima, moja asubuhi na nyingine mchana. Soko zima halikuwa na mtu anayejua hata neno moja. Bendi ya kwanza gitaa lake lilikuwa rahisi mpaka aibu, linarudia jambo lile lile kama mtoto anayedai sukari. Mpiga ngoma anagonga kama amekasirishwa na mtu wa nyumbani. Mwimbaji sauti imekwaruza, kama ameshinda shambani akifukuza nyani. Bendi ya pili, jamani, ufundi mtupu. Vidole vinakimbia, sauti juu ya sauti kama kwaya ya Pasaka.

Kabla soko halijafungwa nikamsikia muuza vitunguu wa jirani anafunga magunia: "Ngwa, ngwa-ngwa, kii. Ngwa, ngwa-ngwa, kii." Ya asubuhi. Ile ya mchana hakuna aliyeondoka nayo.

Nikamuuliza yule fundi alipokuja kuchukua kanda zake. Akasema hao wa pili ndio wanaojua muziki zaidi, kwao wanasifiwa sana.

"Nakubali," Bosi akasema. "Lakini muziki ni hodi. Mtu wa nyumbani akipiga hodi huulizi nani. Unajua ni fulani, kwa kukohoa kwake tu. Hawa wa pili hodi yao ni safi sana, ina adabu. Ila kila wakibisha, nauliza nani?"

Mzungu akafikiri, akasema, "Hii kifaa ni kweli." Tukacheka mpaka yeye naye akacheka.

Na unakumbuka, Kaka Sixtus, nilikuletea nakala ya bendi ipi kati ya zile mbili? Ya yule mwenye sauti ya kufukuza nyani. Wewe mwenyewe uliicheza mpaka ikalegea, mama akatishia kuichoma pamoja na kuni. Ulikuwa unalala na lile "ngwa-ngwa" mdomoni. Ndiyo iliyokufanya ukaazime gitaa kwa watu. Hukuniomba nikuletee wale mafundi. Hata siku moja.

Kituo changu cha pili cha kazi kilikuwa ukumbini. Bosi alipewa tenda ya mitambo siku za dansi, akanipeleka mimi chini ya Meneja wa Ukumbi, bwana mmoja anayetembea na funguo nyingi kiunoni, ukimsikia unadhani mbuzi mwenye kengele. Kazi yangu ilikuwa kupanga mikrofoni na kukaa kwenye mikisa, lile sanduku la vitufe linalochanganya sauti. Meneja hakuniamini. Aliniambia, "Binti, ukipandisha besi nyingi, vioo vyangu vikivunjika nakukata mshahara wewe." Vioo vyenyewe vilishavunjika zamani, madirisha yalikuwa ya mbao.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo la bendi ya Dar, ambalo ninyi mlilisikia nusu. Kuna wimbo wao mmoja uliokuwa umeshika Songea yote. Sasa umeme wetu mnaujua, ni wa majenereta ya hapa hapa mjini, jioni unalegea mpaka taa inakuwa kama kiazi. Ule wimbo ulirekodiwa kwenye deki yetu siku umeme umelegea na mkanda wa mota umechoka, kwa hiyo mashine iliandika polepole. Ukienda kuucheza kwenye redio nzima, unakimbia. Mwimbaji mwanaume mzima anasikika kama kijana ambaye hajabalehe. Na kwa sababu nakala zote zilitoka kwenye ile moja, mji mzima uliujua hivyo.

Bendi ikaja. Ukumbi umejaa. Wakaupiga, kwa mwendo wao wenyewe waliouzoea. Watu wakatulia. Kisha kaka mmoja wa mbele akapaza sauti, "Nyie, mbona mnaupiga umelala? Upigeni wenyewe." Wengine wakadakia. "Hawa sio wenyewe. Wenyewe wanakimbia." Kiongozi wa bendi akawaambia kwenye mikrofoni kwamba wimbo ni wa kwake, ameutunga yeye. Mama mmoja akamjibu, "Hata kama. Umeusahau."

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama sikioni: "Imelda, tazama mbele, usicheke, na mtu asikuulize habari za deki."

Wakaupiga kwa kukimbia. Jasho liliwatoka, vumbi likapanda mpaka kwenye taa. Ila nilichokiona usiku ule, nakiandika hapa kwa sababu ndicho ninachokudai, ni hiki: wimbo tuliuharibu kwa mashine yetu, tukaubadilisha mpaka sauti, na bado watu waliukimbilia kwa lile gitaa lake. Zile nyimbo nyingine za bendi hiyo hiyo, tulizozirekodi umeme ukiwa mzima, safi, walizipiga na watu wakaenda kununua soda. Wimbo wenye chake mwenyewe unavumilia mashine mbovu. Usio na chake unaitegemea mashine imbebe.

Sasa nimefika kwenu.

Wimbo wenu wa kwanza niliurekodi mimi, kaka, kwenye lile banda la mazoezi hapa Mshangano, mikrofoni moja nimeining'iniza kwenye boriti. Ulikuwa unaanza na Bosco, mpiga besi wenu. Kwao ni Nyasa, amekulia kwenye mganda, ile ngoma ya gwaride ambayo wanaume wanapuliza vibuyu. Siku ile alisogeza mdomo kwenye mikrofoni akafanya kile kibuyu kwa midomo mitupu: "Vuu, vu-vu, vuuu." Mlianguka kwa kucheka. Wewe ukasema acheni, ibaki. Halafu gitaa lako likaingia likimjibu, kama vile anamwita nawe unaitika. Kesho yake watoto wa huku Mshangano walikuwa wanakwenda kisimani na ndoo kichwani, "vuu, vu-vu, vuuu", na mwingine nyuma anajibu gitaa. Mama anayechambua maharage hapa, ambaye hajui mnapiga nini, akipika huwa anafanya hilo vuu bila kujua.

Akaja Meneja wenu, si yule wa Ukumbi, na kinanda kipya. Akasema studio hawataki mambo ya vibuyu, mtaonekana wa porini. Kibuyu kikatoka. Gitaa lako likakosa wa kumjibu, likanyamaza, kinanda kikaingia na zile sauti zake tamu za kuigiza fidla. Leo mmenipigia huo mpya kule mjini. Nilisikiliza wote. Hakuna aliyekosea. Na ulipomaliza ukaniuliza, "Eh, unaonaje?" Unajua nilisema nini kwanza, kabla hatujagombana? Nilisema, "Mzuri."

Mimi. Neno lile lile. Nimelisikia likitoka mdomoni mwangu nikaogopa. Nikajaribu kuliimba gitaa lake kimoyomoyo, nikafungua mdomo, nikafunga, kama yule dada aliyependeza. Wimbo umeishia hapo hapo kwenye kinanda. Nimekujua tangu sijaota meno, Kaka Sixtus, nimekusikia ukikohoa uani maelfu ya mara, na leo umepiga hodi nikajikuta nauliza nani.

Sisemi kwamba Meneja ni mtu mbaya. Nauli ya basi ameitoa yeye, na anawapenda kwa namna yake, anataka mfanane na wale wanaopigwa redioni. Lakini redio wanao tayari hao wa kufanana. Na simsemi Bosco, aliyekaa leo kwenye kona anapiga besi yake kama mtu anayesubiri kupimwa malaria. Nilipomuuliza, "Kaka Bosco, kibuyu chako kiko wapi?" akasema, "Dada, kimestaafu kama wewe."

Nimemaliza kuandika mambo ya kazi. Wadogo zangu mtakaosoma, sijui kama mtarithi deki au mtarithi kitu kingine kabisa, naona wenye nazo wameanza kuleta sahani zinazong'aa zisizo na upande B. Kazi yangu haikuwa ya kupiga muziki. Ilikuwa ya kusikia watu wameondoka na nini. Leo nilipotoka kwenu nilipita kibandani, Bosi amekusanya spiriti iliyobaki, akaimimina kwenye chupa moja, akanipa. Akasema nyumbani kwake Mbinga hakuna hedi ya kusugua. Kisha akakaa kwenye benchi, na mimi, ambaye siwezi kusubiri hata maji yachemke, nilikaa naye.

Nilimweleza habari yako. Aliuliza swali moja: "Amesikia mwenyewe, au umemwambia?"

Nimekwambia. Na wewe ni kama mimi, ukiambiwa husikii.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya misa kutoka, nitafungua kibanda kwa mara ya mwisho. Nitafunga spika kwenye nguzo. Nitaweka wimbo wenu wa zamani, ule wa boriti, wenye kelele za kuku nyuma. Baadaye nitaweka huu mpya, ile kanda aliyonipa Meneja wenu nikawatolee nakala. Sitamwambia mtu ni ninyi. Nitakupitia kwanza hapo kwako, nikugongee dirisha, nikubebe hata kwa kanzu ya kulalia, nikukalishe kwenye benchi la Bosi karibu na muuza vitunguu. Hatutabishana. Tutawasikiliza wanavyofunga magunia na kuondoka, wana nini mdomoni. Wakiondoka na kinanda, nitakubebea begi mpaka kwenye basi na sitatamka neno. Wakiondoka na kibuyu, utakwenda mwenyewe kumwamsha Bosco.